Kompyuta Iliyogoma Kukimbia

Herufi zilikuwa zinatambaa. Vidole vya Mvua vilikwisha maliza sentensi nzima na kupumzika juu ya vitufe, lakini kule mbele, kwenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani, neno la kwanza ndiyo kwanza lilikuwa linajitokeza: herufi moja, ikaja ya pili, ikasita, ikaja ya tatu, kama wazee wanaopanda ngazi wameshikana mikono.

"Karibuni," lilisema shuka hatimaye. Likanyamaza. Kisha likatapika maneno yote yaliyobaki kwa mkupuo mmoja, likakwama tena.

"Jamani!" alisema Mvua. "Nimeandika mwenyekiti akiwa bado nje anakung'uta viatu. Kaingia, kasalimia, kavua kofia, kaketi. Ndiyo shuka linamwambia karibu!"

Waliokuwa karibu walicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alitazama saa yake, akalitazama shuka, akamtazama Mvua kwa jicho la mtu aliyeahidi jambo na sasa anatafuta mlango wa kutokea.

Ukumbi wa chama cha maseremala ulikuwa na harufu ya vanishi na maranda mapya. Mabenchi yenyewe yalikuwa kazi ya wanachama, kila mtu na lake, ndiyo maana hayakulingana urefu. Hili lina mgongo, lile halina, na moja la pembeni lilikuwa na miguu iliyochongwa kama ya simba, ila huyo simba inaonekana alichoka alipofika mguu wa nne. Benchi la mbele kabisa alikaa kaka yake Mvua. Wenzake walimwita Randa, kwa jinsi alivyoupiga ubao randa mpaka ukang'aa kama uso wa mtoto aliyetoka kuoga. Alikuwa amefunga vifungo vya shati mpaka shingoni, mikono juu ya magoti, macho kwenye shuka. Hakuwa na la kusikiliza. Msumeno mkubwa wa umeme ulikwisha kula masikio yake kidogo kidogo, miaka na miaka, kama panya anavyokula sabuni, mpaka siku moja ukikunjua unakuta karatasi tupu.

Mtu asiyesikia akikaa mkutanoni hufanya nini? Hutikisa kichwa. Randa alikuwa bingwa wa kutikisa kichwa. Mkutano uliopita aliona mikono ya wenzake inapanda, naye akapandisha wake, akarudi nyumbani akamwambia dada yake mkutano ulikuwa mzuri. Kesho yake akakuta vifaa vyake vimewekwa kwenye sanduku chini. Walikuwa wamepiga kura benchi lake la dirishani apewe mwingine, na yeye mwenyewe alikuwa ameunga mkono.

Safari hii jambo lilikuwa zito zaidi. Walitaka kumtoa kwenye msumeno wenyewe, akakae getini awe mlinzi. Mvua alipozipata habari hizo alimwandikia kwenye ubao wa chaki waliozoea kuongelea pale jikoni. Randa akasoma, akasema, "Nitawajibu."

"Utajibuje usichokisikia?" Mvua akaandika, na chaki ikamkatikia mkononi.

Ndipo wazo likamjia. Maisha yake yote alikuwa mpiga chapa. Enzi za mashine za chuma, ofisini kwao mtu akipita barabarani alikuwa akitazama juu akidhani mvua inapiga bati, kumbe ni yeye. Jina la Mvua lilianzia hapo. Sasa alikuwa anaandikia watu barua za maombi ya kazi sebuleni kwake, kwa kompyuta ndogo ya mtumba. Kwa nini asikae mkutanoni, kila linalosemwa akaliandika papo hapo, likatokea ukutani, kaka yake akasoma? Akamwendea mwenyekiti. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Sawa, dada yangu. Lakini mkutano wangu hausubiri mashine. Maneno yakichelewa, tunakunja shuka, tunaendelea kama kawaida."

Kama kawaida maana yake Randa atatikisa kichwa.

"Shikamoo mama! Nimekuja mbio, nimemwachia mteja simu yake haina kioo!" Huyo ni binti wa kompyuta, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na mashine pembeni ya ukumbi. Alikuwa mwembamba, mfuko begani, bisibisi nyuma ya sikio kama kalamu ya seremala.

"Marahaba mwanangu, niokoe. Imegeuka kobe. Nyumbani nilidhani ni uvivu wa siku moja mbili, leo imenivua nguo mbele za watu."

Binti alipiga magoti sakafuni, akavuta kompyuta kwake, akafungua dirisha lenye namba namba.

"Ona hapa, mama. Hii ni kasi ya prosesa, ile inayofanya hesabu zote humu ndani. Ina gia kama gari. Hakuna kazi, inashuka gia isile umeme bure. Ukiipa kazi, inapanda. Hii yako imekwama gia ya kwanza."

"Basi ipandishe!"

"Subiri. Kuna mahali mfumo wa kompyuta unaamriwa: bana matumizi, au kanyaga mafuta." Vidole vyake vikacheza. "Haya, nimeuamuru ukanyage mpaka mwisho."

Wote wawili wakakodolea ile namba. Haikutikisika.

"Haa!" Binti alisogea karibu, macho yanamng'aa kama ya mtu aliyeona nyayo za mnyama kwenye tope. "Amri imeipokea, inaniitikia ndiyo, na haifanyi. Labda ina joto. Mashine ikichemka hujipunguza yenyewe isiungue. Hebu shika chini."

Mvua akaingiza kiganja. "Imepoa kama mtungi."

"Na feni imelala. Homa haina. Kazi ipo. Amri ipo. Na bado inajikokota. Mama, hii tamu!"

"Tamu kwako! Mimi natapika roho hapa."

"Labda imesoma ajenda ikaogopa," ilisema sauti kutoka juu ya ngazi. Huyo alikuwa shemeji yake Mvua, mume wa mdogo wake, fundi umeme, aliyekuwa anafunga spika darini. "Shemeji, hiyo kitu ina umri wa kustaafu. Iache ikapumzike na mafao yake."

"Wewe funga spika zako, usije ukatuangukia na hicho kitambi."

"Kitambi hiki kimepikwa na mdogo wako!"

Binti akaizima kompyuta, akaiwasha upya. Kobe yule yule. Akafunga programu zote zilizokuwa zinakula nguvu chinichini. Kobe. Watu walizidi kuingia, mabenchi yakikwaruza sakafu, salamu zikipigwa, na mwenyekiti alikwisha simama mara mbili na kuketi tena. Randa peke yake hakugeuka. Alikuwa anasoma hata maandishi madogo ya kiwanda yaliyoko kwenye ubavu wa projekta, pale mezani kando ya kompyuta.

"Tuisogeze meza nyuma," alisema binti, "maandishi yawe makubwa, angalau."

Wakaivuta. Mvua aliendelea kuandika huku anatembea kinyumenyume na kiti, anaandika lolote linalomjia kinywani, kama mtu anayemkemea punda. Waya wa chaja ulikuwa mfupi. Ukajivuta, ukajivuta, ukachomoka.

Na shuka likafurika.

Maneno yalimiminika ukutani mstari kwa mstari, hata kidole hakijainuka herufi imekwisha fika. Randa akaruka kutoka kwenye benchi, na kwa sauti yake kubwa ya mtu asiyejua anaongea kwa nguvu kiasi gani, akasoma ukumbi mzima usikie:

"KIMBIA WEWE MASHINE, LEO TUTACHEKWA NA HAWA WATU WENYE VICHWA VIGUMU KAMA MPINGO!"

Ukumbi ulilipuka. Maseremala walipigapiga mabenchi kwa viganja. Mvua alijifunika uso kwa ncha ya mtandio wake, anacheka na kuona haya kwa pamoja.

Binti wa kompyuta hakucheka. Alikuwa ameshika ncha ya waya ulioanguka, anautazama. Akauchomeka.

"Andika, mama."

Herufi... zikaanza... kutambaa.

Akauchomoa. "Andika!"

Zikakimbia.

"Ukiilisha inalala," alisema Mvua polepole, "ukiinyima inakimbia! Mwanangu, huyu ni mume wa mdogo wangu kabisa!"

"Nasikia huko!" ilijibu ngazi.

Binti sasa alikuwa anaufuata waya kwa vidole, taratibu, kuanzia kwenye kompyuta kurudi kwenye chaja. Katikati vidole vikagonga uvimbe, utepe mweusi umezungushwa na kuzungushwa mpaka ukawa mnene kama kidole gumba.

"Nani kaunga huu waya?"

Shemeji alishuka ngazi, kifua mbele. "Mimi mwenyewe. Mguu wa kiti uliukata. Umeona lakini huo ufungaji? Huo hata ukimfungia ng'ombe, hachomoki."

"Ndani ulikuta nyaya ngapi?"

"Mbili za maana. Ya kuleta na ya kurudisha."

"Na zisizo za maana?"

"Kulikuwa na kimoja, chembamba hivi kama uzi wa kushonea. Nikakipima, hakileti nguvu yoyote. Nikasema hiki cha nini? Nikakata."

Binti alikaa sakafuni akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Baba, ulikata ulimi!"

"Ulimi gani tena?"

"Ule hauleti umeme, unaleta taarifa. Chaja inaiambia kompyuta mimi ni fulani, naweza kukupa umeme kiasi hiki. Sasa kompyuta inaona umeme unaingia mlangoni, inauliza wewe nani, kimya. Tena kimya. Inaogopa ikivuta sana itaiunguza chaja isiyoijua. Kwa hiyo betri haiichaji, na prosesa inaibana gia ya kwanza. Mimi huku juu nauamuru mfumo ukanyage, kumbe breki iko chini kwenye chuma chenyewe. Hainisikilizi hata nikilia."

Shemeji aliutazama ule uvimbe wake mzuri. Halafu, na hili Mvua alimhesabia wema, hakubisha hata neno moja. Alikuwa amekwisha toa kisu mfukoni na kuanza kuchana utepe.

"Kikiungwa itapona?"

"Itapona. Una chuma cha kulehemu?"

"Mimi naenda msalani bila chuma cha kulehemu?"

"Basi fanya haraka, maana..." Binti aligeuza kompyuta kidogo, mwingine asione. "Mama, betri imebaki chembe. Tangu siku aliyoufunga huo waya haijala kitu."

Mwenyekiti akagonga meza kwa nyundo ya mbao. Mkutano umeanza.

Alianza kwa kumjaribu. Alisimama akamwaga maneno kwa kasi ya mnadi: anawashukuru waliofika, anawasamehe waliochelewa, hawasamehi waliokuja kulala, na yule aliyeazima timazi ya chama airudishe kabla hajatajwa kwa jina la baba yake. Vidole vya Mvua vilimfuata unyounyo. Mwenyekiti akamaliza, akageuka nyuma kwa ujanja, akakuta neno lake la mwisho limeketi ukutani linamsubiri. Mtu mmoja wa mabenchi ya kati akapiga makofi. Wengine wakafuata. Randa alikuwa amenyoosha shingo, midomo inachezacheza, anakunywa yale maneno.

Kule dirishani moshi mwembamba wa risasi ya kulehemu ulipanda. Shemeji alikuwa ameinama, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, anaukwangua ule uzi kwa ncha ya kisu, akiupuliza kwa upole. Mkono uliozoea nyaya za nguzo sasa unatafuta kitu ambacho hata macho yanakipoteza.

Ajenda ya kwanza ikapita, ya bei za mbao. Ya pili ikapita. Ghafla maneno yakaanza kusitasita ukutani.

"Inajibana, inaona betri inakwisha," binti alinong'ona, mkono wake ukapita chini ya mkono wa Mvua ukabonyeza hapa na pale. "Nimeikataza. Wewe andika, mama, usiitazame."

Maneno yakakimbia tena. Mvua alikuwa anatokwa jasho mpaka kwenye kope, na moyo unamdunda kwa namna ambayo hakuwa ameionja tangu ujana, ile ya kukimbia mbio na kuona utepe mbele.

"Ajenda ya tatu," alisema mwenyekiti, na sauti yake ikateremka. "Suala la ndugu yetu Randa."

Fundi wa milango akasimama, mtu mnene mwenye sauti laini. "Ndugu yetu tunampenda," alisema. Mvua akaandika. "Hakuna anayepasua mbao kama yeye." Akaandika. "Lakini msumeno hauna huruma. Mtu akipiga kelele simama, yeye hasikii. Tusidanganyane. Pale msumenoni, ndugu yetu amekuwa mzigo."

Vidole vikasimama.

Ilikuwa ni mara ya kwanza siku ile mashine kumsubiri Mvua. Angeweza kuandika "amechoka." Angeweza kuandika "tunamwonea wasiwasi." Nani angejua? Waliosikia wasingesoma, na aliyesoma hasikii. Aliona kisogo cha kaka yake, mvi zilizokatwa vizuri kwa ajili ya leo, na masikio yale mawili makubwa yaliyokaa tu kama vishikio vya kabati lililofungwa.

Binti wa kompyuta alimtazama.

Mvua akaandika: mzigo.

Mabega ya Randa yakashuka kidogo, yakarudi juu.

"Kama hakuna mwingine," mwenyekiti aliendelea, naye Mvua akiandika, na ile alama ya betri imegeuka nyekundu, na shuka linapepesa kama jicho lililoingia mchanga, "basi wanaokubali wany..."

"Pisha! Pisha hapo!" Shemeji alikuja anaruka mabenchi, waya mkononi, anapuliza kiungo chake kingali cha moto. Akapiga goti. Akachomeka.

Taa ndogo ya chaja ikawaka. Kwenye kioo alama nyekundu ikageuka, na binti akaikazia macho ile namba ya kasi. Ikapanda. Ikapanda tena. Ndani ya kompyuta feni ikaamka na kuvuma, na binti akampiga shemeji kofi la mgongo ambalo kwa siku nyingine lingekuwa utovu wa adabu.

"...wanaokubali wanyooshe mikono," lilisema shuka.

"NGOJA!"

Randa alikuwa amesimama. Mikono iliyokuwa njiani ikarudi mapajani.

"Mzigo!" alisema, sauti yake inagonga bati. "Nimesoma. Wewe wa milango, ule ubao wako wa juzi ulikuwa na msumari ndani. Nani aliuzima msumeno kabla meno hayajafika? Niliusikia kwa nyayo! Chuma kikigusa chuma sakafu inaniambia, nyinyi mnaongea habari za mpira!"

Fundi wa milango akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kweli.

"Lakini umesema neno la haki," Randa aliendelea. "Mtu akiniita simama, sisikii. Basi msiniite kwa mdomo! Wekeni taa juu ya msumeno, nyekundu, na swichi pale mlangoni. Mtu akiona hatari, abonyeze. Macho ninayo. Shemeji yule pale anajua nyaya."

"Ila safari hii asikate hata mmoja!" ikatoka sauti benchi la nyuma.

Mvua akaiandika na hiyo, neno kwa neno. Randa akaisoma, kicheko kikamtoka pamoja na cha ukumbi mzima, na shemeji akainua mikono juu kama mwizi aliyekamatwa.

"Na jambo la mwisho," alisema Randa, akafuta jicho kwa kiganja. "Mimi sikatai geti kwa sababu ya kiburi. Nakataa kwa sababu..."

Akageukia ukuta.

Alikuwa ameyaona. Tangu aliposimama alikuwa anawatazama watu. Sasa macho yake yalikuwa yamerudi ukutani, na ukutani kulikuwa na maneno yake mwenyewe, yote, kuanzia lile ngoja. Tangu masikio yake yafe hakuwahi kujisikia akiongea; sasa aliyasoma kuanzia juu, midomo yake ikifuata, mstari baada ya mstari, akashuka nayo mpaka chini kabisa. Mwenyekiti alikuwa ameishusha nyundo mezani. Vidole vya Mvua vilielea juu ya vitufe bila kugusa, na pale mbele ya neno la mwisho kile kijistari kinachosubiri herufi kilikuwa kinawaka na kuzimika, kinawaka na kuzimika, huku kaka yake akikitazama, na ukumbi ukimtazama yeye.